Wati 10,000 hazimo ndani ya hilo boksi

Jumamosi iliyopita simu yangu iliita mara tatu kabla ya adhuhuri, na mara zote tatu aliyepiga alikuwa amesimama dukani Kariakoo na swali lilelile: "Fundi, kuna ya wati elfu kumi na kuna ya elfu sita, nichukue ipi?" Nimelijibu swali hilo kwa miaka mingi, kwa upole, mtu mmoja mmoja. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa kila anayejiandaa kununua hom thieta: hakuna ya elfu kumi. Haipo Kariakoo, haipo Luthuli Avenue kule Nairobi, haipo Dubai wanakofuata mizigo wafanyabiashara wetu. Maandishi yapo, tena makubwa. Wati zenyewe hazipo.

Mwambie muuzaji aigeuze mashine. Nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia, pana kibandiko kidogo kinachotaja mashine inakula umeme kiasi gani. Utakuta 60, utakuta 80, kwa nadra utakuta 150. Kibandiko hicho ndicho cha kukisoma, maana kinahusu fyuzi na usalama wa waya, na kiwandani wanajua kwamba kikidanganya nyumba ya mtu inaweza kuungua. Mashine inayopokea wati 80 ukutani haiwezi kutoa 10,000 kwenye spika. Haitoi hata 80, kwa sababu sehemu ya umeme ule inapotea kama joto. Ndiyo maana ukiigusa mgongoni baada ya filamu moja unaikuta ina moto.

Anayebisha atumie LUKU yake. Pasi ya kawaida ni wati 1,000 na kitu, na kila mama wa nyumba anajua ikiwashwa uniti zinavyokimbia. Mashine ingekuwa inafanya kazi kwa wati 10,000 kweli, ingekula uniti 10 kwa saa moja. Filamu ya saa mbili, uniti 20. Nani amewahi kununua umeme wa hivyo kwa ajili ya redio? Na plagi ya pini tatu ya mashine hiyo ina fyuzi ya ampia 13. Kwa volti 230, hiyo ni chini kidogo ya wati 3,000, basi. Zaidi ya hapo fyuzi inakatika.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeifungua mojawapo mezani. Sabufa moja na spika ndogo tano, mbele imeandikwa PMPO 10,000, nyuma wati 80. Ndani nilikuta transfoma inayoenea kwenye ngumi, kapasita mbili za mikrofaradi 4,700, na aisii sita za TDA2030 zimepangwa kwenye kipande cha aluminiamu. Fundi yeyote anaijua TDA2030, ni aisii nzuri na ya miaka mingi. Moja hutoa wati 14 hivi kwenye spika ya omu 4 sauti ikiwa bado safi. Zote sita zikipigishwa kwa nguvu zote kwa pamoja zingefika 84, na transfoma ile haiwezi kuzilisha. Mwenye mashine alikuwa anakodoa macho. Nilimwonyesha kila kitu kwa ncha ya bisibisi, nikamuuliza: elfu kumi zimekaa wapi hapa?

Wauzaji waliosoma kidogo wana jibu lao. Wanasema zile ni wati za kilele, za mshituko mmoja, si za muda wote. Sawa, tuhesabu mshituko. Mshituko unatoka kwenye akiba ya kapasita. Hizo mbili, zikiwa zimejaa volti 14 kila moja, zimebeba nishati isiyofika jouli 1 kwa ujumla. Ukitaka kuitoa kwa kasi ya wati 10,000, inakwisha ndani ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Pigo la ngoma la hezi 50, ile besi inayotikisa kifua, wimbi lake moja tu linachukua sehemu moja ya hamsini ya sekunde, yaani mara 200 zaidi. Kwa hiyo hata tukikubali hesabu yao yote, na tukijifanya hatujui kwamba aisii zingelipuka kabla, mshituko huo umekwisha kabla sikio halijapata cha kusikia. Hakuna binadamu aliyewahi kuzisikia hizo wati, na hakuna atakayezisikia.

PMPO, jina walilozipa hizo wati za kilele, haina kanuni ya kimataifa ya kuipima. Kiwanda kinachukua kipimo kinachokipenda, kinakizidisha kwa idadi ya spika, kinakizidisha tena, kinachapa. Marekani walichoshwa na mchezo wa namna hii zamani: mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ililazimisha wauza amplifaya wataje nguvu ya kudumu, wataje omu ngapi, wataje sauti imeharibika kwa asilimia ngapi, na mashine kabla ya kupimwa ifanyishwe kazi saa nzima ipate moto. Hicho ndicho kipimo chenye maana, na madukani kinaitwa RMS. Kisipoandikwa popote, kwenye boksi wala kwenye kitabu chake, chukulia kwamba mtengenezaji hataki ukijue.

Sasa niseme linalowaudhi hata wenzangu wa fani: hata wati za kweli hazina uzito mnaozipa. Kutoka 50 kwenda 100 sauti inaongezeka desibeli 3, tofauti unayoitambua lakini haikushtui. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi. Na spika zenyewe hazilingani: ukizipa wati 1, moja inatoa desibeli 87 kwa umbali wa mita 1 na nyingine 90. Hiyo ya 90 ikipewa wati 50 itafika pale inapofika ya 87 kwa wati 100. Namba hiyo, unyeti wa spika, hakuna aliyewahi kunipigia simu kuiuliza. Katika sebule ya kawaida, ukiwa umekaa mita mbili na nusu kutoka kwenye TV unaangalia taarifa ya habari, spika nzuri inatumia kama wati 1, mara nyingi pungufu. Nguvu iliyobaki ni akiba ya milipuko na muziki wa kilele.

Mwezi uliopita nilikwenda Tabata kwa mwalimu mmoja mstaafu. Aliponipigia nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, njoo uone. Kitu hiki kinapiga kelele lakini hakisemi." Nimesikia malalamiko mengi ya sauti, hakuna aliyewahi kuyaeleza vizuri kuliko yeye. Risasi za kwenye filamu zilikuwa zinatetemesha vioo, na mtu akifungua mdomo kuzungumza husikii neno. Watoto walimshauri anunue yenye wati nyingi zaidi.

Sebule yake ni kama zetu: vigae chini, ukuta wa plasta, madirisha ya aluminiamu, pazia jepesi. Nilipiga kofi moja katikati ya chumba na mlio ukabaki unagongana kuta na kuta kama nimepiga bati. Sabufa ilikuwa imesukumwa konani, na kona huizidisha besi. Kitasa chake kilikuwa kimezungushwa karibu na mwisho. Spika ya katikati, inayobeba karibu maneno yote ya waigizaji, ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la TV, nyuma ya kioo, juu ya albamu za harusi. Na hata ingekuwa nje, TV ilikuwa imeunganishwa kwa waya mwekundu na mweupe, chaneli mbili tu, kwa hiyo spika tano zilikuwa zinagawana nakala za sauti ileile.

Tuliitoa spika ya katikati tukaiweka ukingoni mwa kabati, imeinuliwa kidogo kuelekea usawa wa masikio. Sabufa tukaivuta karibu mita moja kutoka kwenye kona, kitasa tukakirudisha chini ya nusu. Mama wa nyumba akaleta zulia la chumbani, tukalitandika kati ya kochi na TV. Hatukuongeza hata wati moja. Mwalimu akasikiliza taarifa ya habari yote bila kuomba mtu amrudilie.

Lakini spika zake ndogo za inchi tatu zitabaki na udhaifu wake. Sauti ya mwanamume mzima huanzia kama hezi 100, na spika ya udogo huo inachoka kabla ya kushuka hapo. Ndiyo maana msomaji wa habari anasikika kana kwamba nusu ya kifua chake iko ndani ya sabufa. Hilo halitibiki kwa kitasa.

Baada ya wati huja ubishi wa majina: JBL au Sony, Bose au Yamaha. Naombwa niwe mwamuzi, nami nakataa. JBL ni mali ya Harman, na Harman ilinunuliwa na Samsung mwaka 2017. Mwaka 2025 Harman ikachukua pia Denon, Marantz, Polk na Bowers & Wilkins. Watu wanagombana baa kutetea majina mawili yenye tajiri mmoja. Wala jina moja halina ubora mmoja. Kampuni ileile hutengeneza spika ya kubeba mkononi na spika ya ukumbi wa sinema. Linganisha modeli na modeli.

Na msiniambie masikio yenu hayadanganywi na nembo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa Harman, waliwasikilizisha watu 40 spika za aina nne, mara zikiwa zimefichwa, mara zikionekana. Watu walikuwa walewale na muziki uleule, lakini alama zilibadilika. Spika kubwa za kifahari zilipanda zilipoonekana, na seti ndogo ya bei nafuu, iliyokuwa imefanya vizuri gizani, ikashuka. Hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika. Wewe na mimi tuliosimama dukani, bei imebandikwa na taa za rangi zinawaka, tutapona wapi?

Basi ukienda kununua, fanya hivi. Bajeti ikiwa ndogo, achana na seti ya spika tano. Chukua saundi baa yenye chaneli ya katikati, au amplifaya ya kawaida na spika mbili zenye wufa ya inchi tano au sita. Nenda na flashi yako mwenyewe: mtu anayezungumza bila muziki, kisha wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Unapolinganisha mbili, sauti ziwe sawa kwa ukubwa, kwa sababu inayopigwa kwa nguvu zaidi hupendwa hata kama ni mbovu, na muuzaji analijua hilo kuliko wewe. Unganisha TV kwa HDMI yenye ARC au kwa waya wa mwanga. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 usiifungie spika za omu 4. Kama umechukua seti ya spika tano, za pembeni ziwe usawa wa kochi au nyuma yake kidogo. Sabufa iweke kwanza pale unapokaa, zunguka chumba ukiwa umeinama, na besi inaposikika nyoofu bila kuvuma, hapo ndipo mahali pake.

Mtumba ni mzuri, mara nyingi kuliko mpya wa bei ileile, ila angalia mambo mawili. Kwanza volti: za Japani ni 100 na za Marekani ni 120, ukizichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha zinaungua papo hapo, na ninazipokea karibu kila mwezi. Pili, bonyeza taratibu kwa kidole ule ukingo wa sponji unaozunguka wufa. Ukimeguka kama keki kavu, punguza kwenye bei gharama ya fundi wa kuubadilisha. Ukiwa hai na unarudi, washa, weka ile sauti ya mtu anayezungumza, rudi nyuma hatua tatu, ufumbe macho.