Makaburi ya Kibanjani

Mgeni anayetafuta makaburi ya walowezi wa kwanza wa Muleba asiulize yalipo makaburi ya kijiji. Waliofungua nchi ya Ihangiro wamelala nyumbani, katika vibanja vyao, kati ya mibuni na migomba. Kaburi jipya litaonekana tu: saruji, vigae, msalaba, jina. La babu wa babu ni udongo uliokwisha kusawazika chini ya nyasi za kutunza unyevu, na anayelijua ni mrithi aliyeonyeshwa kwa kidole.

Wamisionari walikuja na desturi nyingine. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na wafu wakaanza kulazwa penye kanisa. Hata Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, hakurudi kibanjani. Alipofariki Desemba 1997 alizikwa Kashozi kwa muda, kanisa kuu la Bukoba likisubiri ukarabati. Akahamishiwa huko Oktoba 2012.

Sheria nayo ina kichekesho chake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulihesabu kaburi la kabla ya 1886 kuwa urithi wa kulindwa. Kashozi yote imechelewa kwa miaka sita. Ikitaka kinga hiyo, ingoje tamko la waziri. Mababu wa Ihangiro wanafuzu bila jasho, ila sijui afisa angeanzia kwenye mgomba upi.

Kinga yao ya kweli ilikuwa ukoo kukataa kibanja kisiende kwa mtu baki. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema ubaguzi huo unapingana na Katiba, na mauzo yakasimama. Ilikuwa haki, tena iliyochelewa. Ndugu aliachiwa nafasi ya kukomboa, kwa kurudisha shilingi 300,000.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 haimsaidii sana ndugu ambaye kibanja chenye makaburi ya ukoo wake kimeuzwa, kwa kuwa inahusu ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma. Watu wawili wakiuziana kibanja, kinachobaki ni kuandikiana: eneo la makaburi lisiingie katika mauzo, na iachwe njia ya kulifikia.