Wageni wa Ukumbi wa Ryman

Katika mwezi wa Machi 1968, vijana wa bendi ya The Byrds ya Los Angeles, ambao mwaka 1965 walikuwa wameshika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza pia kwa wimbo wa Bob Dylan walioutia mlio wa gitaa la nyuzi 12, walipanda jukwaa la Ukumbi wa Ryman mjini Nashville, maskani ya maonyesho ya Grand Ole Opry yaliyokuwa yakitangazwa na redio ya WSM tangu mwaka 1925, wakazomewa. Ukumbi huo ulijengwa mwaka 1892 kuwa nyumba ya ibada, na hadhira yake ilikuwa bado ikikaa juu ya mabenchi marefu ya kanisa. Kwenye mabenchi hayo watu wakaanza kuigiza milio ya ndege, maana jina la bendi latamkwa kama neno la Kiingereza la ndege, na wengine wakapaza sauti kuwaamuru wageni wakanyoe nywele zao.

Bendi ya roki haikuwa imepata kuonekana juu ya jukwaa lile. Vijana hao walikuwa mjini kwa kazi ya kurekodi santuri waliyoiita Sweetheart of the Rodeo, na walikuwa wamepatana na wenyeji kwamba wataimba nyimbo mbili za Merle Haggard, mtu aliyefungwa katika gereza la San Quentin kabla hajawa mwimbaji mashuhuri wa kantri. Wimbo wa kwanza waliuimba. Ulipofika wakati wa wimbo wa pili, Gram Parsons, kijana wa miaka 21 aliyelelewa Waycross katika jimbo la Georgia na ambaye majuma machache tu yalikuwa yamepita tangu aingie katika bendi, alitangaza kwamba ataimba wimbo mwingine, uitwao Hickory Wind, kwa ajili ya bibi yake. Akauimba. Wenyeji wakaghadhibika.

Watu wengi walioandika mintarafu ya usiku ule wameuelekeza ubaya wote kwa wazomeaji, wakawachora kama watu wa moyo mgumu walioshindwa kuitambua sanaa iliposimama mbele yao. Mimi, baada ya kuisikiliza santuri ile kwa miaka mingi, na kwa mahaba, naona kwamba insafu yatutaka tuwasikilize na wazomeaji vilevile. Opry ilikuwa nyumba yenye ada zake, na mgeni aliyetandikiwa mkeka katika nyumba ya watu, kisha akaibadili ahadi mbele ya hadhira na redio ikiwa wazi, amekosa adabu hata kama alichokiimba ni kizuri kuliko alichoombwa. Tena watu wale walikuwa wamezoea kuona muziki wao ukidhihakiwa mijini, na kusikia matamshi yao yakiigizwa ili watu wacheke. Walipoziona nywele ndefu jukwaani walidhani, na dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwamba dhihaka imewafuata hadi nyumbani kwao. Kosa lao lilikuwa ni kuhukumu kabla ya kusikia, kwa maana Parsons hakuwa akicheza. Aliupenda muziki ule kama mtoto aupendavyo wimbo wa kwanza aliousikia, na sauti yake usiku ule, kama ilivyo katika santuri, ilikuwa ya mtu anayelia kwa heshima.

Mtangazaji mmoja maarufu wa WSM, Ralph Emery, aliwapokea studioni bila furaha na hakuficha kwamba kazi yao haikumpendeza. Nao Roger McGuinn wa The Byrds na Parsons wakatunga wimbo wa kumjibu, uliotoka katika santuri ya bendi hiyo ya mwaka 1969.

Lakini ajabu kubwa haikuwa Nashville. Wasikilizaji wa roki, ambao waliwapenda The Byrds na kununua santuri zao, walikuwa na hukumu ileile, ijapokuwa waliifikia kwa njia nyingine. Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa vita vya Vietnam na wa damu katika miji ya Marekani; Dr. Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, baada ya kipindi cha kurekodi Nashville na kabla kile cha Hollywood hakijamalizika. George Wallace, aliyekuwa gavana wa Alabama na mtetezi wa ubaguzi, alikuwa akigombea urais, na katika mikutano yake waimbaji wa kantri walitumbuiza. Kwa kijana wa San Francisco au New York, basi, mlio wa gitaa la chuma, lile lilazwalo juu ya miguu yake kama meza na kuvutwa nyuzi zake kwa kanyagio hata sauti ikapanda na kushuka kama kilio, ulikuwa mlio wa upande wa pili wa nchi, upande wa watu waliotaka vita viendelee. Je, angewezaje kuinunua santuri iliyojaa mlio huo? Aliiacha dukani. Santuri ya The Byrds iliyotangulia, iliyotoka Januari mwaka uleule, ilikuwa imefika nafasi ya 47 katika orodha ya Billboard. Hii ilikomea nafasi ya 77, chini kuliko zote walizopata kutoa hadi siku hiyo, na Uingereza haikuingia katika orodha kabisa.

Watu hawa wa pande mbili hawakupatana kwa vita, wala kwa dini, wala kwa nywele, lakini walipatana kwa neno hili moja, kwamba nyimbo za kantri zina wenyewe, na The Byrds si miongoni mwao. Hapo ndipo napingana nao wote. Mpaka ule walioulinda kwa ghadhabu haukuwekwa na waimbaji. Uliwekwa na wafanyabiashara wa santuri katika miaka ya 1920, ambao kwa ajili ya kuuza walitenga orodha moja kwa Weusi na nyingine kwa Weupe wa mashambani, ilhali wapigaji wa rangi zote mbili walikuwa wakifunzana nyimbo na mapigo. Na santuri yenyewe yashuhudia hayo kwa mtu atakayeisikiliza kwa utulivu. Katika nyimbo zake 11 umo wimbo wa William Bell, mwimbaji Mweusi wa Memphis, uliotungwa kwa ajili ya watu wa soul na kupigwa hapa kama kantri bila kupoteza hata chembe ya huzuni yake. Umo wimbo wa Woody Guthrie unaomtetea jambazi aliyewasaidia maskini. Na umo wimbo wa kidini wa Louvin Brothers, The Christian Life.

Wimbo huu wa mwisho ndio uliowatia watu shaka kuliko yote. Roger McGuinn aliuimba kwa matamshi mazito ya Kusini ambayo hayakuwa yake, na msikilizaji mcha Mungu alikuwa na haki ya kuuliza kama huyu anaabudu au anacheza. Nami nikiusikiliza leo bado nahisi ugumu huo kifuani. Ila msikilizaji wa mwaka 1968 hakujua kwamba wimbo uleule, pamoja na mingine miwili, ulikuwa umeimbwa kwanza na Parsons kwa sauti isiyo na hila, kisha sauti hiyo ikaondolewa na ya McGuinn ikawekwa mahali pake. Sababu iliyotajwa ni madai ya kampuni ya Lee Hazlewood, ambayo Parsons alikuwa bado amefungwa nayo kwa mkataba. Sauti zile zilitolewa kwa watu mwaka 1990. Miaka 22, basi, watu walibishana juu ya nia ya santuri ambayo sehemu ya moyo wake ilikuwa imefungiwa sandukuni.

Hata mtu wa kuitetea hakubaki. Mwezi wa Julai bendi ilikuwa London, ikijiandaa kwenda Afrika Kusini, na Parsons akakataa kwenda, akisema hawezi kupiga muziki katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Wenzake walishuku kwamba alivutwa zaidi na urafiki wa Keith Richards wa Rolling Stones, na huenda mambo yote mawili yalikuwamo, kwani moyo wa kijana si chumba chenye mlango mmoja. Lakini mimi ni Mwafrika, na siwezi kuona kukataa kule kuwa jambo dogo. Wengine walikwenda, wakapiga mbele ya hadhira zilizotengwa kwa rangi. Santuri ilipotoka tarehe 30 Agosti, aliyeitia roho hakuwa tena katika bendi, naye akafariki mwaka 1973 akiwa na miaka 26.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambako sauti ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri, iliingia majumbani kwa redio na bado yapendwa mno, hasa Kenya, sijapata kukutana na mtu aliyeniuliza kama mpenda kantri aweza kupenda na roki. Nyimbo zilitufikia bila ugomvi wake. Nadhani ndiyo maana nilipoipata santuri hii mara ya kwanza sikusikia usaliti wowote ndani yake. Nilisikia mandolini, fidla na watu waliokuwa na shauku. Chris Hillman, mpiga besi, alikuwa amepiga mandolini katika bendi za bluegrass tangu ujana wake California, na The Byrds walikuwa wamekwisha kuimba wimbo wa kantri, Satisfied Mind, mwaka 1965. Mwenye sikio angeliweza kujua.

Mwaka 2018, McGuinn na Hillman, wazee sasa, walizunguka Marekani kuadhimisha miaka 50 ya santuri ile, na katika safari hiyo walirudi Nashville, katika Ukumbi uleule wa Ryman. Parsons, Kevin Kelley mpiga ngoma, na Clarence White aliyepiga gitaa walikuwa wamekwisha kufariki. Aliyefuatana nao alikuwa Marty Stuart, mwanachama wa Grand Ole Opry tangu mwaka 1992, na gitaa alilolishika mkononi, akiwapigia watu waliokaa juu ya mabenchi ya kanisa, lilikuwa gitaa la Clarence White.