Kifua kikuu cha watoto: Makohozi yasipopatikana

MTU mzima anayeshukiwa kuugua kifua kikuu huambiwa akohoe, ateme makohozi kwenye kikopo, yapimwe. Mtoto mdogo hawezi. Yeye huyameza, na ndiyo sababu moja ugonjwa huu huchelewa kugunduliwa kwa watoto.

Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti waliwachunguza watoto 300 wa chini ya miaka 5 wenye dalili za TB katika Kaunti ya Kisumu. Karibu mmoja kati ya 10 alithibitishwa kuwa nayo, kwa kupimwa maji ya tumboni, kamasi na hata choo. Haimaanishi kuwa wengine wote walikuwa salama. Viini huwa vichache kwa watoto, hivyo vipimo vyaweza kuvikosa. Kwa hivyo daktari huangalia pia picha ya kifua, uzani, na nani anakohoa nyumbani, kwani mtoto huambukizwa hasa na mtu mzima.

Chanjo ya BCG huzuia TB kali ya ubongo, lakini haikingi mapafu kikamilifu.

Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili, akikonda au akipatwa na homa isiyoisha, usiseme ni chira. Mpeleke hospitalini. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kutumia kote nchini tembe za watoto zenye ladha ya matunda, zinazoyeyushwa majini. Mtoto akipata nafuu, usikatize dawa kabla daktari hajasema.