Jiko Moja na Sufuria Mbili

Miji ya Kasulu na Kibondo, iliyo katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, haikosi vijana wageni ambao hawajapata kupika chakula kwa mikono yao wenyewe: walimu wapya waliopangiwa shule za vijijini, wauguzi, wanachuo wa ualimu, na wale walioletwa na ajira za mashirika tangu ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Aghalabu kijana wa namna hiyo hupanga chumba kimoja, hununua jiko la mkaa, sufuria mbili, mwiko, kisu na beseni, kisha huketi mbele ya vyombo hivyo kama mtu aliyepokea barua asiyoweza kuisoma. Mama mwenye nyumba akimwuliza, baada ya kuitikia shikamoo yake, “Mwanangu, leo umepika nini?” yeye hujibu kwamba amekula mjini, na kula mjini kila siku, kama wajuavyo waliojaribu, humaliza mshahara kabla mwezi haujaandama.

Rai yangu ni kwamba taabu ya kijana huyu haitokani na uchache wa vyombo, maana akina mama wa Kiha walio wengi hulisha jamaa nzima kwa vyombo visivyozidi hivyo. Kinachompungukia ni ilimu ya kuupangia moto kazi. Moto wa mkaa huanza kwa moshi, ukapanda ukawa mkali, ukadumu kwa muda, kisha ukanyong’onyea. Na mwenye jiko moja hana budi ajue ni chakula gani kiteleke wakati gani, ili asije akawa na ugali uliopoa ilhali mboga bado mbichi.

Na aanze na maharage, kwa kuwa yuko katika nchi yake: maharage ya Kigoma yanajulikana hata katika masoko ya Dar es Salaam, na Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa mashamba yake makubwa. Walakini maharage ndiyo yanayomshinda mgeni, hasa aliyetoka pwani, ambaye huyateleka saa kumi na moja jioni akitaraji kula saa moja, na saa tatu bado anayatafuna kama kokoto. Sababu ipo. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Yale yanayochemka pwani kwa nyuzi 100 hapa huchemka kwa nyuzi 96 hivi, na moto hata ukichochewa vipi hauwezi kuyapasha kupita hapo. Dawa yake ni kuyachambua maharage usiku, kuondoa vijiwe, kuyaloweka hadi asubuhi, kumwaga maji yale na kutia mengine. Nyanya zingoje mpaka yaive, kwa kuwa ukali wake huzuia punje kulainika; zitatiwa wakati wa kuunga, pamoja na kitunguu na mafuta. Jambo moja halina mjadala: yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10, maana maharage yana sumu ya asili ambayo moto hafifu hauiondoi, na aliyekula yaliyoiva nusunusu huharisha na kutapika.

Maharage yakiwa tayari, huepuliwa, yakafunikwa, na moto uliobaki ukaongezwa mkaa kidogo kwa ajili ya ugali, ambao kwa desturi hupikwa mwisho kwa kuwa huliwa ungali wa moto. Ugali wa mahindi huanza na uji mwepesi, uachwe utokote, kisha unga uongezwe na kusongwa kwa mwiko. Ule wa muhogo huhitaji muda mfupi zaidi na nguvu nyingi zaidi za mkono. Muhogo mchungu una sumu, na wenyeji huuvundika na kuuanika kabla ya kuusaga; kwa hiyo anayeanza na anunue unga uliokwisha kutengenezwa na watu wanaoaminika, asijitie kuujaribu mwenyewe.

Siku isiyo na wasaa wa maharage kuna dagaa wakavu wa ziwa Tanganyika. Wasafishwe kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu hata mchanga uishe, kisha wakaangwe kwa mawese pamoja na kitunguu na nyanya. Mawese yasiunguzwe mpaka yakapoteza wekundu, kwani katika wekundu huo ndimo ilimo kinga ya macho. Mboga hii huiva upesi, na kwa mpishi mchanga ndiyo furaha ya kwanza.

Lipo la kuonya. Usiku wa Juni na Julai huku juu ni wa baridi, na kishawishi cha kuliingiza jiko chumbani na kufunga mlango ni kikubwa. Mkaa uwakao hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje, au barazani penye upepo.

Ama kuhusu mkaa wenyewe, bei yake haina huruma. Huko Nyarugusu, ambako kuni zimekuwa adimu, wapo wanaojenga jiko la udongo linaloizingira sufuria ili joto lisipotee. Na mwenye chumba cha kupanga aweza kufuata hekima iyo hiyo kwa kapu na blanketi kuukuu, akayachemsha maharage nusu saa, akaifunga sufuria ingali inatokota, akaenda kazini, na jioni akayarudisha motoni kwa muda mfupi tu. Lakini hilo halifai bila mfuniko unaokaza, na sufuria nyingi za madukani huuzwa bila mfuniko. Basi akipata akiba yake ya kwanza, asinunue sufuria ya tatu, anunue mfuniko.