Simbilisi Akitulia Mkononi, Usidhani Amekuzoea

Je, wajua kwamba simbilisi anayekaa kimya baada ya kunyakuliwa mara nyingi hajatulia, bali ameganda kwa hofu? Mnyama huyu, ambaye pande za Rusizi na Bukavu wengi humwita kobayi, ana undugu na chinchila, mgugunaji mwenye manyoya laini mno. Wote wawili asili yao ni Amerika Kusini, kwenye milima ya Andes, ambako ndege wala nyama na mbweha wamewawinda tangu kale. Macho ya simbilisi yako pembeni mwa kichwa ili aone hatari mapema, na hatari kubwa kwake hutoka juu. Mkono unaoshuka ghafla kizimbani, hata ukiwa wa mtoto anayempenda, kwake ni kucha za mwewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayefuga simbilisi nyumbani kwake, Nkungu wilayani Rusizi au kwingineko, hajamaliza kazi kwa kujenga kizimba na kukata majani. Sharti pia awafundishe wote wa nyumbani namna ya kumshika.

Chinchila akibanwa huachia manyoya: kishungi kikabaki mkononi mwa mshikaji, mwenyewe akatoroka. Simbilisi hana kinga hiyo. Yeye hukurupuka tu, na akikurupuka kutoka mikononi mwa mtu aliyesimama, huanguka vibaya. Kiwiliwili chake ni kizito kwa miguu mifupi na myembamba, wala hana wepesi wa paka wa kujigeuza hewani. Anaweza kuvunjika mguu, meno ya mbele, hata uti wa mgongo. Kwa hiyo mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, kisha aegemezwe mwilini mwa anayembeba. Mtoto mdogo aketi chini kwanza ndipo apewe. Jike mwenye mimba anahitaji uangalifu zaidi. Mimba yake huchukua siku kama 68, muda mrefu kwa mnyama mdogo hivyo, na vichanga huzaliwa wakubwa, wenye manyoya na macho wazi. Siku za mwisho ni heri asiinuliwe kabisa pasipo lazima.

Wapo watakaosema: huyu ni kitoweo, ya nini kumdekeza? Ni kweli kwamba ng'ambo ya mto Rusizi, huko Kivu Kusini, watu wengi humfuga kwa ajili ya nyama. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono. Mnyama mwenye hofu hula kidogo, na tumbo la simbilisi limeumbwa kupokea majani karibu muda wote. Akiacha kula hata kwa siku moja hudhoofika upesi. Anayetaka nyama na watoto wengi wa simbilisi hana faida yoyote katika kundi linalofukuzwa huku na huku jikoni kila anapohitajika mmoja.

Wengine huona dawa ni kuwapiga watoto marufuku kumgusa. Sikubaliani nao, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye anayetumwa kukata majani, na simbilisi hujifunza haraka kumtambua amletaye chakula, akampigia mbinja hata kabla hajamwona. Uhusiano huo ndio mwanzo wa kuzoeana: mtoto amlishe majani mabichi kwa mkono kwa siku kadhaa kabla ya kujaribu kumwinua. Majani hayo yana kazi nyingine pia. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway walionyesha kwamba simbilisi waliolishwa nafaka tupu walipatwa na kiseyeye. Ugonjwa huo hufanya viungo viume, na mnyama anayeumwa viungo atalia hata akishikwa kwa upole.

Basi kabla ya kuongeza jike mwingine kizimbani, hakikisheni kila mtu wa nyumbani anaweza kumwinua simbilisi kwa mikono miwili na kumrudisha chini taratibu.