Sura ya Sita: Ndani ya Maabara Kirusi Hakihitaji Mbu

Kila nikifundisha usalama wa kibayolojia chuoni, swali la kwanza huwa la Ebola. Wanafunzi wa uzamili ambao wiki nzima wameshika makohozi, kinyesi cha ng'ombe na damu ya watu wasiojua hali zao wanataka kusikia habari za mavazi yaliyojazwa hewa na milango inayojifunga yenyewe. Wameshaamini kwamba hatari inaishi katika maabara kubwa za ng'ambo, na kwamba maabara ya chuo, kwa kuwa ni ya kufundishia, imesalimika. Wapo pia wanaodhani usalama wa kibayolojia ni habari ya GMO tu. Hao nawaelewa kidogo. Kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinahusu viumbe waliobadilishwa vinasaba, na magazeti yamelishika jina hilo kwa maana hiyo moja. Lakini bakteria wa kifua kikuu hajabadilishwa na mtu yeyote, na amekuwa akiwaambukiza watu wa maabara tangu zamani.

Dhana ya tatu ndiyo sugu kuliko zote: kwamba mtu huambukizwa maabara siku ya ajali. Tyubu imevunjika, sindano imechoma kidole, watu wamepiga kelele, daktari ameitwa. Mwaka 1976 Robert Pike, Mmarekani aliyekusanya kumbukumbu za maambukizo ya maabara kwa miaka mingi, alichapisha hesabu ya zaidi ya watu 3,900. Walioweza kutaja ajali hawakufika mmoja kati ya watano. Waliobaki walikuwa kazini kama kawaida. Hakuna kilichovunjika, hakuna aliyepiga kelele, kisha wakaugua.

Ili nieleze hilo linawezekanaje, nilikusudia kupita haraka katika vifaa, kisha mavazi, kisha taka. Mfano mmoja umenizuia, na sitaki kuupita, kwa kuwa umetoka kwenye uwanda wa Wamakonde na wenyeji wa huko wachache wamesimuliwa habari yake.

Mtafiti anayechukua damu vijijini, iwe Tandahimba, Newala au Masasi, asishangae akisikia neno mumiani, uvumi wa watu wanaodaiwa kunyonya damu za wengine na kuiuza. Uvumi huo ni upuuzi, umeumiza watu wasio na kosa, na sioni sababu ya kuubembeleza kwa kuuita utamaduni. Mililita tano za damu hazina soko popote. Hata hivyo, katika mkutano huo huo wa kijiji huinuka bibi mmoja akauliza kwa utulivu: "Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi? Na ikibaki mnaifanyia nini?" Bibi huyo hajataja mumiani. Ameuliza swali lile lile analouliza mkaguzi wa usalama wa maabara, na kijana anayemwitikia "Shikamoo bibi" kisha akalikwepa swali kwa tabasamu bado hajawa tayari kwa kazi.

Damu ya uwanda huu ilikwenda mbali kweli. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika wilaya za Newala na Masasi, enzi hizo Tandahimba ikiwa ndani ya Newala. Watu walishikwa na homa ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyowakunja mwili, hata jina la ugonjwa, chikungunya, likatoka katika Kimakonde na kuenea duniani. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake. W. H. R. Lumsden alichunguza namna unavyoenea, akaona jambo ambalo mwenyeji yeyote angemwambia: juu ya uwanda hakuna mto, maji hufuatwa mbali, hubebwa kichwani na kuwekwa akiba ndani ya nyumba. Katika vyombo hivyo vya maji ndimo alimozaliana mbu Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana. Mwaka 1953 R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliotesha kirusi chenyewe kwa kuwadunga panya majimaji ya damu za wagonjwa. Makala yake ya 1956 ilibeba jina la mlipuko wa Newala.

Virusi vya damu ile vipo hadi leo. Aina mbili zilizopatikana Tanganyika wakati ule, Ross na S27, zimekuwa vielelezo ambavyo maabara za mabara mengine hutumia kulinganishia virusi vipya. Lamu ilipolipukiwa na chikungunya mwaka 2004 baada ya ukame, watu wakiwa wameweka maji ndani kama walivyofanya Wamakonde nusu karne nyuma, na ugonjwa ulipovuka hadi Komoro na Réunion na kuugusa karibu theluthi ya watu wa kisiwa hicho cha mwisho, wanasayansi walitazama nyuma kwenye vielelezo vya Newala ili wajue kirusi kimebadilika kiasi gani.

Kwa msomaji wa kawaida simulizi hiyo ni ya mbu. Kwa mtu wa maabara ni ya jambo jingine kabisa. Kirusi ambacho nje kwa kawaida hakimfikii mtu bila mbu kiliwaambukiza wafanyakazi wa maabara katika vyumba visivyokuwa na mbu hata mmoja. Kumbukumbu hizo zimo katika maandiko ya kitabibu, na hewa imehesabiwa miongoni mwa njia zake. Ndiyo maana Marekani na Uingereza zimeweka kazi ya kukiotesha katika daraja la tatu la usalama wa maabara, pamoja na kifua kikuu, ingawa mgonjwa wa chikungunya unaweza kukaa naye kitanda kwa kitanda ndani ya chandarua bila kuambukizwa.

Homa ya manjano ilifundisha somo hilo mapema, kwa bei ghali. Adrian Stokes alifariki Lagos mwaka 1927 akiwa anachunguza kima walioambukizwa, na ilisadikiwa kirusi kilimwingia kupitia ngozi ya mikono, si kwa mbu. Mwaka uliofuata, Accra, walifariki Hideyo Noguchi na William Young. Taasisi ya Entebbe yenyewe ilianzishwa mwaka 1936 na Rockefeller Foundation kwa ajili ya homa ya manjano, kwa hiyo waliopokea damu za Newala walikuwa warithi wa msiba huo.

Sababu ya kirusi kuambukiza maabara bila mbu ni wingi wake na mkao wake. Mbu hubeba kiasi kidogo. Mtafiti hukuza kirusi katika seli mpaka mililita moja ibebe mamilioni, kisha anakizungusha, anakitikisa, anakinyonya kwa bomba, anafungua mfuniko. Kila kitendo hicho hurusha matone. Makubwa huanguka mezani. Madogo, yale yaliyo chini ya mikromita 5, hukauka kabla ya kufika chini na kuelea, na pua huyavuta hadi ndani kabisa ya mapafu. Tone la mwisho ukilisukuma kwa nguvu litoke kwenye ncha ya bomba, umetengeneza wingu usiloliona. Ukifungua sentrifyuji mara tu inaposimama, nayo imevujiwa na mrija mmoja, umelivuta wingu hilo kwa pumzi yako. Barakoa ya kitambaa hailiweki mbali. Wala haliondoki kwa kunyunyiza dawa hewani au kujifukiza jioni, mitindo iliyoshika kasi mwaka 2020 na ambayo bado naikuta katika ofisi za watu wenye shahada.

Kinachoondoa wingu hilo ni hewa iliyoelekezwa, na hapa naomba subira ya msomaji, maana kabati la usalama wa kibayolojia ndilo nililolitumikia miaka mingi na ndilo linalotumiwa vibaya kuliko kifaa chochote.

Kwanza, yako masanduku mawili yanayofanana kwa sura. Moja ni meza ya hewa safi: hewa hupita kwenye kichujio, ikafagia kazi yako, ikakujia usoni. Inalinda sampuli dhidi yako. Kwa kuandaa vyakula vya kuotesha miche ya tishu ni chombo kizuri sana. Ukiweka ndani yake makohozi ya mgonjwa, umejiwekea feni inayokupulizia vimelea. Mkulima wa Tandahimba anayepuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga hutazama upepo kabla hajawasha mashine na kusimama pasiporudi vumbi. Mhitimu wa chuo anayeketi mbele ya meza ya hewa safi na damu mkononi amekosa elimu hiyo. Vyuo vingi hununua meza hiyo kwa kuwa ni rahisi bei, kisha huiita kabati la usalama katika orodha ya mali.

Kabati lenyewe, la daraja la pili, hufanya kazi tofauti. Hewa ya chumba huvutwa ndani kupitia mwanya wa mbele kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde, ikadumbukia kwenye matundu yaliyo ukingoni kabla ya kufika kwenye kazi. Kutoka juu hushuka hewa iliyochujwa. Aina iliyozoeleka hutoa nje kiasi cha theluthi moja ya hewa, nayo baada ya kuchujwa, na kuirudisha iliyobaki ndani kupitia kichujio kinachonasa chembe 9,997 katika kila 10,000 za ukubwa wa mikromita 0.3. Kinachokutenga wewe na kirusi, basi, si kioo. Ni pazia la hewa, na nusu mita kwa sekunde ni mwendo mdogo kuliko wa mtu anayetembea taratibu. Mwenzako akipita nyuma yako kwa haraka, pazia linachanika. Mlango ukisukumwa, linachanika. Pangaboi likiwashwa kwa sababu ya joto la Mtwara, huna pazia tena. Daftari ukililaza juu ya matundu ya mbele, umeliziba kwa mkono wako mwenyewe. Ukiwasha kichomeo cha gesi ndani, moto huivuruga hewa inayoshuka na waweza kuunguza kichujio. Ingiza mikono, tulia kwa kiasi cha dakika moja hewa ijipange, ndipo uanze; kazi chafu ibaki upande mmoja na safi upande mwingine, na mikono isiingie na kutoka kila mara. Kabati lipimwe na fundi mwenye vifaa kila mwaka na kila linapohamishwa, kwa sababu kichujio kilichopasuka hakitoi mlio wowote.

Najua vyuo vinavyotamani kutangaza kwamba vina maabara ya daraja la tatu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la nne la mwongozo wake la mwaka 2020, liliachana na desturi ya kulifunganisha kundi la kimelea na daraja la jengo, likataka kwanza ipimwe hatari ya kazi yenyewe: kimelea gani, kwa wingi gani, kwa kitendo gani, mikononi mwa nani. Kupima damu ya mgonjwa wa chikungunya ni kazi moja. Kukiotesha kirusi chake ni nyingine. Jengo lenye mitambo ya hewa isiyo na fedha za vichujio wala jenereta ni la hatari kuliko chumba cha kawaida, kwa sababu walio ndani wanajiona salama.

Kuhusu dawa za kuua vimelea nitasema machache. Spiriti ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko ile ya 95, maana maji husaidia, na hakuna spiriti inayoua mbegu za bakteria wa kimeta. Jiki hupungua nguvu kwa joto na muda. Iliyochanganywa juzi na kuachwa dirishani ni maji yenye harufu. Mwaka 2019 huko Lanzhou, China, kiwanda cha chanjo za mifugo kilitumia dawa iliyokwisha muda, hewa yake ya kutolea nje ikabeba bakteria wa brusela, na zaidi ya watu 10,000 wakathibitika kuambukizwa. Waliogunduliwa mwanzo walikuwa watafiti na wanafunzi wa taasisi ya jirani.

Na wakati mwingine kimelea chenyewe bado hakijulikani: mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade walipokea tumbili kutoka Uganda kwa kazi ya chanjo ya polio. Waliugua watu 31, wakiwemo waliowauguza, na 7 walikufa kwa kirusi ambacho hakikuwa katika kitabu chochote. Orodha ya vimelea na madaraja yake isingewasaidia. Kushika kila tishu kama yenye ugonjwa kungewasaidia.

Na si lazima awe mtu anayeugua. Mnyauko wa korosho, unaoletwa na fangasi wa jamii ya Fusarium, uliripotiwa Tanzania mwaka 2012, na mti ulioshikwa hukauka majani na kufa. Mwanafunzi anayemwotesha fangasi huyo kwenye sahani haoni la kuogopa mwilini mwake, kwa hiyo hulegea. Huingia maabara na viatu vya shambani, hutoka navyo, na wikendi yuko kwenye mikorosho ya mjomba wake Tandahimba. Mbegu za fangasi huyo hudumu udongoni miaka. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wanaoishughulikia korosho kila siku, hawahitaji kuambiwa mti huo unalisha nani. Viatu vya shamba viwe na mahali pake nje ya mlango, visu na majembe ya kuchukulia sampuli yasafishwe udongo kwanza ndipo yatiwe dawa, na udongo uliobaki baada ya vipimo usimwagwe nyuma ya jengo. Upikwe kwenye otoklevu kwa nyuzi 121, tena kwa mafungu madogo yasiyofungwa kwa nguvu, maana udongo hupitisha joto polepole, na utepe uliobadilika rangi juu ya mfuko hauonyeshi kwamba katikati ya fungu kumepata moto.