Mnunuzi hajalipa: kabla ya kukimbilia polisi



Katika makanisa yetu ya mashariki kuna wengi wanaoishi kwa biashara ndogo: mama anayepeleka unga kwenye restora, kijana anayeuza simenti, seremala anayetengeneza madawati. Karibu wote wana daftari la madeni. Na wengi wanatuuliza swali moja: mteja amechukua mali, miezi imepita, simu haipokei tena, tufanye nini?

Wengi hukimbilia polisi. Mdaiwa anaitwa, anawekwa kasho, jamaa yake wanachanga pesa, na mara nyingi sehemu ya pesa hizo inabaki njiani. Tuseme wazi: hiyo si njia ya sheria. Kongo ilikubali tangu 1976 Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Yule aliyekudanganya tangu mwanzo kwa jina la uongo ni jambo lingine. Huyo anaweza kushitakiwa kwa utapeli. Lakini mnunuzi ambaye biashara imemwangukia si mwizi. Nao wanaokwenda na vijana kubeba televizyo ya mdaiwa wasome Kumbukumbu la Torati 24: hata mwenye haki ya kudai rehani anaambiwa asimame nje, asiingie nyumbani.

Njia ya sheria ipo. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria yake ya kudai madeni ilifanywa upya Kinshasa mwezi wa Oktoba 2023, ikaanza kutumika mwaka 2024.

Kila kitu kinaanza na karatasi, na hapa ndipo watu wetu wanapoanguka. Tunauziana kwa sababu tunaimba katika kwaya moja, basi kuandika kunaonekana kama kukosa imani kwa ndugu. Sivyo. Boni ndogo yenye tarehe, aina ya mali, kiasi, bei, siku ya kulipa na sahihi ya aliyepokea inalinda wote wawili, hata wajane na watoto wao mmoja akifariki. Kati ya wafanyabiashara, sheria inakubali ushuhuda wa kila namna, hata wa elektroniki. Kwa hiyo usifute ujumbe wa WhatsApp ambamo mteja ameandika kwamba atakulipa mwisho wa mwezi, wala ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha alilipa nusu.

Siku ya kulipa ikipita, zungumza naye kwanza, uso kwa uso. Akikubali deni lakini hana pesa, andikeni karatasi ya kukubali deni: jumla ni kiasi gani, atalipa kiasi gani kila mwezi, na mtie sahihi mbele ya mashahidi. Akinyamaza, mwandikie barua ya kudai rasmi, ile inayoitwa kwa Kifaransa mise en demeure. Taja deni, taja boni, mpe siku za kulipa, na uhakikishe ametia sahihi kwenye kopi yako. Bora zaidi ipelekwe na wisie, yaani afisa anayepeleka karatasi za tribinali.

Bado hajalipa? Mwombe hakimu amri ya kulipa. Kwa karani utaiomba kwa jina lake: injonction de payer. Si kesi ndefu. Unapeleka ombi kwenye tribinali ya mahali mdaiwa anapokaa, pamoja na karatasi zako, ukionyesha kwamba deni ni la hakika, kiasi chake kinajulikana, na siku yake imepita. Karani atakuambia ni tribinali ipi kufuatana na kiasi cha deni. Hakimu akiridhika anatoa amri bila kumwita mdaiwa kwanza. Wisie anampelekea, naye ana siku chache za kupinga, zilizoandikwa katika karatasi ile ile. Akipinga, tribinali inajaribu kwanza kuwapatanisha, halafu inahukumu. Asipopinga, unarudi kuomba amri ipewe nguvu ya kutekelezwa, na hapo tu mali yake inaweza kukamatwa, tena na wisie, si na wewe. Usiiweke amri sandukuni: isipopelekwa kwa wakati inakufa.

Kuna gharama. Uliza mapema na udai risiti. Kwa deni la dola 20 pengine gharama zitameza deni lenyewe.

Na Paulo je, anayekemea waamini kushitakiana, katika 1 Wakorintho 6? Tunaona anatuita kwanza kutafuta kati yetu mtu mwenye hekima wa kuamua. Basi wazee wawakalishe pamoja mdai na mdaiwa, na makubaliano yaandikwe. OHADA ina sheria ya upatanishi ya 2017, na makubaliano kama hayo yanaweza kupelekwa kwa hakimu ayathibitishe. Ila wazee wasitumie kikao kumnyamazisha mama mwenye unga kwa sababu mdaiwa ni mtu mkubwa. Na kama mdaiwa ni kanisa lenyewe, lililoagiza madawati, seremala asiambiwe kwamba ametoa sadaka.

Neno moja kwa walio mahali ambapo vita vimevuruga kazi za tribinali. Katika mauzo kati ya wafanyabiashara, haki ya kudai inapotea baada ya miaka 2. Lakini mdaiwa akikubali deni, hesabu ya muda inakatika na kuanza upya. Kwa hiyo mtafute, hata kama amekimbilia mji mwingine, mtie sahihi karatasi mpya yenye tarehe ya leo, na kopi moja ibaki kwa mtu unayemwamini.